Shajara ya mradi: kamera mbili kutoka mwani wa Jambiani hadi magadi ya Natron

Mpango

Mandhari na watu katika tabianchi nne za Tanzania, kwa kamera zilezile na lensi zilezile, ndani ya kiangazi kimoja. Vituo ni pwani ya mashariki ya Unguja, Usambara Magharibi, Kilimanjaro na Ziwa Natron. Muda ni wiki tisa, Juni hadi Agosti. Zinatakiwa picha 64 za kuchapa, 16 kwa kila kituo, nusu mandhari na nusu watu.

Ratiba imepangwa kwa kufuata ugonjwa mmoja wa vifaa. Kamera iliyokaa kwenye joto siku kumi huzoea, iliyokaa kwenye baridi siku kumi huzoea pia. Inapougua ni njiani, inapotolewa hewa hii na kuingizwa hewa ile. Kwa hiyo kila kuhama kumepewa siku mbili: moja ya gari, moja ya kamera kukaa sandukuni bila kufunguliwa. Siku hiyo ya pili ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana, na ndiyo iliyokataliwa kukatwa hapa.

Wiki ya 0: sanduku

Kamera mbili za aina moja, ili betri, chaja na kadi ziingiliane. Lensi tatu, kwa milimita: 16–35 ya f/4 (f ni upana wa tundu la nuru: namba ndogo, tundu kubwa), 50 ya f/1.8 na 70–200 ya f/4. Tripodi ya kaboni. Betri sita za Wh (wati-saa) 16 kila moja, kadi nne za GB 64, SSD mbili za TB 1.

Diski za zamani za kuzunguka zimeachwa Dar es Salaam. Kichwa cha diski hiyo huelea juu ya sahani kwa mto mwembamba wa hewa, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha mita 3,000 hivi. Kambi ya Horombo ni mita 3,720. SSD haina kichwa cha kuelea, haina tatizo hilo.

Sanduku ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana na pete ya mpira. Ndani kuna kipimaunyevu cha dijitali na silika gramu 500 katika vifuko vinne vya kitambaa. Shabaha ni unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Ukipita 65 kwa siku nyingi mfululizo, kuvu huanza kuota kwenye vioo vya lensi. Ukishuka chini ya 30, mpira na grisi hukauka. Mchele ambao watu huufukia simu na kamera hauna kazi hapa: hunyonya polepole mno, kisha huacha unga ndani ya viungio. Ubaki jikoni.

Silika iliyochaguliwa ni ya rangi ya chungwa, inayogeuka kijani ikishiba maji. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, ambayo ni sumu, kwa hiyo isikaushwe kwenye chombo cha chakula. Kukausha: ovena nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu. Pasipo ovena, sufuria kavu ya kazi hiyo tu, juu ya jiko la mkaa lenye makaa machache, mfuniko wazi, ikikorogwa mpaka rangi irudi. Moto ukizidi, chembe huungua na rangi haisomeki tena.

Maji ya kusafishia ni maji ya betri ya gari, yanayouzwa maduka ya spea na vituo vya mafuta. Soma lebo mara mbili. Kwenye rafu hiyohiyo huwekwa chupa za asidi ya betri, na chupa hufanana.

Wiki ya 1 na 2: Jambiani na Paje, mita 0

Kazi ya hapa imefungwa na kalenda ya maji. Wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, huingia bahari inapokupwa vya kutosha kufichua kamba na vigingi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji kupwa kwenye ufukwe huu huangukia karibu saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Hapo ndipo mpiga picha anapobanwa. Mwishoni mwa Juni, saa mbili asubuhi, jua la Jambiani liko kwenye pembe ya nyuzi 19 tu, na nuru bado ina upole. Saa nne limefika nyuzi 44, vivuli vimeingia machoni, mchanga mweupe unang'aa. Bahari inatoka nuru ikiwa imekwisha kuharibika.

Ratiba ya mwanzo ililenga siku za bamvua kamili na ikaonekana ni kosa. Ratiba iliyorekebishwa inalenga siku mbili au tatu *kabla* ya mwezi mpevu au mwandamo, ambapo maji hukupwa kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu. Hayatoki mbali kama kwenye bamvua, lakini mistari ya kamba iliyo karibu na pwani hufichuka na wakulima wapo. Siku za maji mafu, bahari inapokupwa kidogo tu, hazina kazi ya baharini, zimetumika kwa picha za kuanika mwani nyumbani.

Kuna aina mbili za mwani zinazolimwa tangu kilimo cha biashara kianze Unguja mwaka 1989: spinosamu na kotoni. Kotoni ina bei nzuri zaidi na hufa haraka maji yanapopata joto kwenye kina kifupi, ndiyo maana picha nyingi za ufukweni ni za spinosamu. Maelezo chini ya picha yataje aina. Mtu wa Jambiani akiona kotoni imeandikwa juu ya spinosamu, hataamini na mengine.

Mandhari ya maji ya kina kifupi yanahitaji filta ya polaraiza. Inafuta mng'aro vizuri zaidi kamera ikitazama maji kwa pembe ya nyuzi 37 kutoka usawa wa macho kwenda chini. Ukiinua kamera kuelekea upeo, filta haifanyi kitu cha maana. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili za nuru, kila stopu ikiipunguza kwa nusu. Kwenye lensi ya 16 isitumike pamoja na anga: anga hutoka na doa jeusi katikati na kingo nyeupe, na hakuna programu ya kuliondoa vizuri.

Nyuso. Mita ya kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ukipima kwa nukta usoni mwa mtu mweusi ukaiamini, ngozi hupauka kama iliyopakwa unga. Kipimo kilichotumika: nukta kwenye shavu lenye mwanga, kisha fidia, yaani kuiamuru kamera ipunguze au iongeze mwanga kwa stopu: −0.7 kwa ngozi ya maji ya kunde, −1 hadi −1.3 kwa ngozi nyeusi zaidi. Ukiiachia kamera ipime fremu nzima, mchanga mweupe unaidanganya upande wa pili na uso unakuwa kivuli kitupu. Mpangilio wa msingi: f/5.6, shata 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kuhisi nuru) 200, jua likiwa mgongoni kwa mhusika. Mchanga wenyewe hurudisha nuru usoni kutoka chini, hata chini ya kofia ya ukili. Riflekta ya sentimita 110 haishikiki kwenye upepo wa kusi. Ya sentimita 60 inatosha, na mshikaji asimame upande unakotoka upepo.

Ruhusa imepitia kwa sheha, kiongozi wa eneo, kwanza, kisha kwa kila mtu mmoja mmoja. Ya sheha inakuruhusu kuwapo kijijini. Uso wa mtu ni wa mwenyewe. Maneno yaliyotumika ni mafupi: "Shikamoo bibi. Tunaomba kukupiga picha ukiwa kazini, itachapwa kwenye maonyesho. Ukikataa hatuna neno." Akisema "subirini nimalize mstari huu", subiri mbali, kamera ikiwa chini. Fomu husomwa kwa sauti ufukweni, husainiwa nyumbani mikono ikiwa mikavu. Karatasi zilizosainiwa majini zimelowa zote, na wino wa kalamu ya jeli umeyeyuka. Kalamu ya wino mzito.

Chumvi. Kila jioni: kitambaa kilicholoweshwa maji ya betri na kukamuliwa, mwili mzima wa kamera, kisha kitambaa kikavu. Usianze na kikavu kamwe, kwa kuwa chembe ya chumvi ni msasa. Tripodi ifunguliwe viungio vyote, ioshwe kwa maji baridi ya bomba, ikaushwe ikiwa imelazwa. Mguu mmoja ulioachwa siku mbili bila kufunguliwa umekwama. Mchanga na chumvi vimefunga pete ya chini. Umefunguka baada ya kulowekwa usiku kucha, ila uzi una mikwaruzo.

Kosa la kiyoyozi limeandikwa hapa kwa sababu linarudiwa na wengi. Nje nyuzi 28, unyevu asilimia 78: umande huanza kushika juu ya kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 24 hivi. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 kinatoa kamera iliyolowa papo hapo, nje na ndani ya lensi. Umande wa nje hufutika. Wa ndani husubiriwa, na ukiwasha kamera wakati huo unaweza kuunguza saketi. Suluhisho ni la bure: kamera zilale chumba chenye feni, au zitolewe sandukuni zikiwa ndani ya mfuko uliofungwa na zikae hivyo dakika 45 kabla ya kufunguliwa.

Hali mwisho wa wiki ya 2: picha 19 zimepita mchujo, mandhari 7, watu 12. Silika imegeuka kijani mara mbili.

Wiki ya 3: kuhama

Boti hadi Dar es Salaam, barabara hadi Mombo, kisha kupanda kona za Lushoto. Ndoo imefungwa Jambiani ikiwa na silika mpya na haikufunguliwa hadi asubuhi ya pili Lushoto. Kipimo wakati wa kufungua: asilimia 44.

Wiki ya 4 na 5: Usambara, mita 1,400 na zaidi

Kiswahili kimeita vitu viwili kwa jina moja, na hapa vinakuja pamoja: ukungu wa mlimani na ukungu wa kwenye kioo cha lensi. Wa kwanza ndio tuliofuata, wa pili hufuata wa kwanza.

Julai usiku wa Lushoto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Alfajiri ukungu hujaza mabonde na kupanda msitu wa Magamba, na huanza kupasuka kati ya saa mbili na saa nne. Mtae ni bora kuliko Irente kwa mandhari ya asubuhi: kijiji kiko juu ya mgongo wa mlima, tambarare ya Mkomazi iko chini, na mawingu mara nyingi hulala kati yake. Irente inafaa zaidi jioni.

Ukungu ni mweupe, kwa hiyo kamera huufanya kijivu kichafu. Fidia +0.7 hadi +1. Fokasi ya otomatiki huhangaika, lensi ikienda na kurudi bila kushika. Tafuta ukingo mweusi ulio wazi, shina la mti au paa, shika hapo, kisha hamishia kwenye fokasi ya mkono na usiguse tena. Mizani ya rangi iwe Kelvin 6,000 hadi 6,500. Ya otomatiki hubadilika kila fremu kadiri ukungu unavyopita, na picha za kuunganisha panorama hazitashikana.

Kichupo cha kuondoa utusitusi kwenye programu kimezuiwa katika mradi huu. Kinatoa milima yenye rangi za bango la soda, na safu za vilima zinazofifia moja baada ya nyingine, ambazo ndizo zilizotupeleka Mtae, zinapotea. Kuinua kontrasti kidogo kwenye safu ya mbele tu kunatosha.

Lensi iwe na kofia yake muda wote, ikitazama chini kati ya picha na picha. Vitambaa vitatu: cha kufutia maji, cha kumalizia, cha akiba kikavu mfukoni. Kitambaa kimoja baada ya saa moja kinakuwa kinasambaza maji tu.

Kwa watu, huu ndio ulikuwa mwanga rahisi kuliko wote. Ukungu ni pazia kubwa la kulainisha nuru. Uso hauhitaji riflekta wala fleshi. Lensi ya 50, f/2.8, shata 1/250, ISO 800. Wakulima wa kabichi na karoti hufika sokoni Lushoto mapema na wana haraka ya kuuza. Picha za saa moja asubuhi zinawakera kwa haki. Baada ya saa tano, mzigo ukiisha, kuna muda wa mazungumzo. Picha za shambani zilitoka vizuri zaidi kuliko za soko, hasa za matuta kwenye miteremko, kwa kuwa mtu anaonekana na kazi yake na mlima wake kwa pamoja.

Ukaguzi wa kuvu: tochi ndogo, lensi ikiwa imefunguliwa tundu lote, tazama kwa kupitia upande wa pili ukizungusha. Vumbi huonekana kama nukta. Kuvu huonekana kama uzi wa buibui au tawi linaloanzia ukingoni. Lensi ya 70–200 imeonyesha utando mwembamba ukingoni mwa kioo cha nyuma. Imetengwa kwenye ndoo nyingine, kwa sababu mbegu za kuvu husafiri. Haikuchipuka Lushoto, ilichukua mbegu pwani. Ubaridi na unyevu wa hapa umeikuza. Itafunguliwa na fundi, na ikicheleweshwa kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo, na doa hilo halitoki hata kuvu yenyewe ikitoka. Ya kuazima imechukuliwa Moshi.

Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na mpira. Mshiko wa kamera moja umekuwa wa kunata. Mikono ioshwe kabla ya kushika kamera, basi.

Wiki ya 6: Moshi, maandalizi

Kibali cha kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi ni kitu tofauti na kiingilio, na huombwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla. Droni haingii hifadhini bila kibali maalumu. Mradi huu hauna droni kabisa, na sanduku limekuwa jepesi kwa kilo mbili. Fomu za ridhaa zimeandikwa upya kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: picha itatumika wapi, kwa muda gani, na mhusika apige simu namba gani akitaka iondolewe. Nakala hubaki kwake.

Hesabu ya umeme kwa siku sita bila chaji ya uhakika: pawabenki ya mAh 20,000 ni Wh 74. Toa kinachopotea njiani, hubaki Wh 50 hivi, yaani betri tatu za kamera. Betri sita zilizojaa pamoja na hizo tatu ni tisa. Kwa njia ya Marangu zimetosha kwa kujibana.

Wiki ya 7: Kilimanjaro, mita 1,900 hadi 5,895

Mandara 2,720, Horombo 3,720 kwa usiku mbili, Kibo 4,720, kisha kilele.

Mawingu hupanda mchana. Msituni na kwenye nyika ya Horombo kazi ya mandhari ni saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo kilele cha Mawenzi hufungwa na mawingu. Siku ya ziada Horombo imetumika kwa miti ya senesio na lobelia. Kwa lobelia piga asubuhi kabla jua halijafika, majani yake yakiwa yamejifunga na barafu ndogo ikiwa bado ndani ya kikombe.

Kwenye mwinuko huu anga tayari ni buluu nzito. Polaraiza huifanya nyeusi. Imebaki mfukoni.

Kijitabu cha kamera nyingi huruhusu nyuzi 0 hadi 40. Kilele alfajiri ni chini ya −10 na upepo juu yake. Kamera hufanya kazi, ila mambo manne hubadilika. Betri hupoteza nguvu kwa haraka na kuonyesha tupu wakati haijaisha. Ikipashwa moto kifuani dakika ishirini hurudi. Mzunguko uliotumika: moja ndani ya kamera, mbili mfuko wa ndani wa shati, zikibadilishana. Skrini huchelewa, kwa hiyo histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, isubiriwe. Gundi ya utepe haishiki, kwa hiyo alama ya fokasi ya mbali imebandikwa Horombo mchana, kisha ikahakikiwa juu kwa kukuza taa za Moshi kwenye skrini, maana baridi husogeza fokasi kidogo. Pumzi huganda kwenye kitundu cha kutazamia: geuza uso kando unapotoa pumzi, na usipulize kioo kwa mdomo hata siku moja. Huko unapulizia barafu.

Kamera haikuingia kibandani wala ndani ya mfuko wa kulalia. Hewa ya kibanda cha watu kumi na wawili ina jasho la watu kumi na wawili. Kamera ilikaa nje ya mlango ndani ya mfuko mkavu wa kukunja mdomo. Betri na kadi tu ndizo zililala na watu. Na betri iliyo chini ya nyuzi sifuri isichajiwe kabla ya kupata joto, litiamu huganda juu ya nguzo yake na uwezo hupungua moja kwa moja.

Safari ya kilele huanza saa sita usiku. Mwanga wa kabla ya alfajiri: 16 mm, f/4, sekunde 15, ISO 3200, tochi za kichwani zikiwa mstari wa nukta. Tripodi ya kaboni haiunguzi vidole kama ya aluminiamu. Jua huonekana kileleni dakika kadhaa kabla ya muda wa kalenda ya Moshi, kwa kuwa upeo uko chini ya macho. Walioandaa kamera kwa saa ya kalenda walikuta limeshatoka.

Theluji na barafu: fidia +1 hadi +1.7. Kuta za barafu zilizobaki zipigwe zikiwa na kitu cha kupimia ukubwa, mtu au gongo. Kati ya 1912 na 2011 mlima ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na picha ya barafu isiyo na kipimo haina msaada kwa atakayelinganisha miaka ishirini ijayo. Andika mahali, mwelekeo wa dira, urefu wa lensi.

Wapagazi. Ruhusa iliyoombwa mbele ya kiongozi wa msafara ina shinikizo ndani yake: kijana anayetafuta safari ijayo hawezi kusema hapana. Imeombwa kando, Horombo, siku ya mapumziko, baada ya mzigo kushuka na chakula kuliwa. Waliokubali wamepigwa wakiwa wamegeukia uwanda wenye mwanga, mgongo kwa kibanda cheusi. Uso mweusi mbele ya theluji una tofauti ya stopu nne au zaidi na mandhari yake. Sensa hubeba, ila picha ya kuchapa inakuwa bandia. Geuza mtu theluji iwe *mbele* yake, imuangaze usoni.

Kushuka. Mfuko uliofungwa Kibo hukumbatia kamera kadiri hewa ya chini inavyoubana, na hubonyeza vitufe. Toa betri kabla ya kufunga. Sanduku gumu lenye vali halitafunguka Moshi hadi vali ilegezwe. Mfuniko uliolazimishwa kwa bisibisi ni mfuniko uliokwisha. Kamera zimeingia mfukoni zikiwa baridi, zimepita msitu wenye unyevu bila kufunguliwa, zimefunguliwa Moshi asubuhi iliyofuata. Hakuna umande ndani.

Wiki ya 8 na 9: Ngare Sero na Ziwa Natron, mita 600

Siku ya pili ya kuhama imelipa hapa kuliko kwingine kote. Vumbi la Natron lina magadi, na majivu ya Ol Doinyo Lengai pia: lava yake hutoka nyeusi na kugeuka nyeupe ndani ya siku chache kwa unyevu. Vumbi hili likiwa kavu hupulizwa likaondoka. Likikutana na unyevu uliobaki kwenye kiungio cha kamera iliyotoka mlimani, huwa uji wa magadi unaokula aluminiamu na viunganisho vya betri. Kwa hiyo silika mpya, saa 30 ndani ya ndoo Moshi, kipimo asilimia 33 kabla ya kuondoka Mto wa Mbu.

Kusafisha ni tofauti na Jambiani. Kamera ikitazama chini: kipulizo kwanza, brashi laini pili, kipulizo tena. Kitambaa chenye maji ya betri mwisho, kidogo, na kukausha mara moja. Spiriti ya kusafishia lensi haiyeyushi magadi, huyatandaza tu na kuacha ukungu wa maziwa kwenye kioo. Lensi hazibadilishwi nje kabisa. Ndani ya gari, vioo juu, feni imezimwa, subiri vumbi litulie. Kipimo cha sensa kila usiku: anga au ukuta mweupe kwa f/16, nukta nyeusi ndizo vumbi.

Mchana hupita nyuzi 40. Kamera nyeusi juani hupita hapo zaidi ya hewa. Kitambaa cheupe juu ya kamera na tripodi kimeondoa onyo la joto.

Heroe (flamingo) wako mbali, na ni lazima wabaki mbali. Ziwa hili ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki na liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2001. Kundi likishtuka huacha viota. Tabaka la magadi pembeni huonekana gumu na chini yake ni tope linalounguza kidonda, kwa hiyo mwenyeji anatangulia, wengine wanakanyaga nyayo zake. Lensi ndefu ina kazi kuanzia mapambazuko hadi karibu saa mbili na nusu. Baada ya hapo hewa juu ya magadi huchemka na kila ndege anakuwa kama aliyechorwa kwa maji. Shata ya 1/2000 haiponyi hilo, wala tripodi. Pakia, rudi jioni upepo ukipoa.

Shuka nyekundu za Wamaasai zina mtego wake. Histogramu ya jumla huonekana salama huku rangi nyekundu pekee ikiwa imeshapasuka, na mikunjo ya kitambaa inatoka bapa kama rangi ya ukutani. Fungua histogramu ya rangi tatu, shusha mwanga 0.3 hadi 0.7 mpaka nyekundu iachie ukingo. Shanga nyeupe za kina mama nazo hupasuka kwanza. Kivuli cha boma saa kumi na moja jioni kimetatua vyote viwili.

Malipo yamezungumzwa na kijiji kabla ya kamera kutoka, kiwango kimoja, risiti imechukuliwa. Kulipana mmoja mmoja baada ya picha kumezoeshwa na magari ya watalii na huleta ugomvi ndani ya boma baada ya gari kuondoka. Salamu itangulie: "takwenya" kwa mama, naye hujibu "iko".

Printa ndogo ya kutoa picha papo hapo imekufa siku ya pili. Vumbi lilinasa kwenye utepe wa rangi, kila picha ikawa na nukta nyeupe usoni, kisha karatasi zikakwama. Picha za wahusika zitachapwa studio Arusha, saizi ya 4R, nakala mbili kwa kila mtu, majina nyuma kwa kalamu ya wino mzito.

Hali ya sasa

Zimepita mchujo: Jambiani 19, Usambara 21, Kilimanjaro 14, Natron 17. Kilimanjaro inakosa mbili za watu na hazitapigwa upya. Nafasi zitajazwa na Usambara. SSD zote mbili zimelinganishwa faili kwa faili kabla ya kadi kufutwa.

Bado: lensi ya 70–200 kwa fundi wa kuvu, pete ya mguu wa tripodi, mshiko ulioyeyuka. Picha za Jambiani zinaenda kwa sheha na basi la Jumamosi, kisha boti, zikiwa zimefungwa kwa kitambaa badala ya nailoni ili zisishikane kwa unyevu wa njiani. Za Horombo zinapelekwa kwa wapagazi wenyewe kupitia namba walizoandika kwenye fomu. Wawili hawapatikani, namba zimezimwa, na bahasha zao zimewekwa getini Marangu kwa majina yao.